JE, UNAJUA KISWAHILI CHAKO KILIGHARIMU NINI?

Ndugu kijana, karatasi hii umepewa mkononi. Labda ni mnadani, labda ni stendi ya Bariadi, au labda umeikuta imefungiwa karanga. Usiitupe kwanza! Isome mpaka mwisho. Ni habari za mtu mmoja aliyekufa zamani, mwaka 1881. Huenda jina lake hulijui, lakini kila ukiandika meseji kwenye simu yako unagusa kazi yake.

Hebu nikuulize swali. Hizi herufi unazosoma sasa hivi, a, e, i, o, u, ni nani alikaa chini akaandika kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiswahili kwa herufi hizi? Unadhani zilishuka tu kutoka serikalini?

Najua mambo yenu, wadogo zangu. Umefanya mtihani wa kidato cha nne, Kiingereza kimekuangusha, watu wakakuambia wewe basi tena, nenda kachunge au kalime pamba. Ukienda Mwanza ukafungua mdomo wanacheka, eti Kiswahili chako kimejaa Kisukuma. Ukirudi kijijini ukiongea Kiswahili sana, bibi anakuuliza tangu lini umekuwa mtu wa pwani. Yaani huku hukai, kule hukai! Basi na wewe umeanza kuionea aibu lugha ya kinywa chako. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba nikaongeza kozi ya Biblia, kwa hiyo sikuchokozi. Nataka tu ujue jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Mtu huyo anaitwa Johann Ludwig Krapf. Alikuwa Mjerumani.

MTOTO WA MKULIMA NA FISI

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen. Baba yake alikuwa mkulima. Kwa hiyo usimfikirie kama mtoto wa bwana mkubwa mwenye gari la farasi. Alikuwa mtoto wa jembe kama wewe.

Akiwa na miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya. Kipigo kile kilimlaza kitandani miezi sita. Hebu fikiri, mtoto wa miaka 11, hana kosa, halafu miezi sita mgonjwa! Kwa uchungu angeweza kuharibika kabisa. Lakini kitandani pale alianza kusoma Biblia, na kusoma kukamwingia kama mtu mwingine anavyoingiwa na mpira.

Akapelekwa shule Tübingen. Huko akapata ramani ya dunia. Akaitazama Afrika, upande huu wetu wa mashariki, akaona majina machache tu na nafasi kubwa nyeupe. Akajiuliza kama huko kuna watu kweli, au ni nyika tupu iliyojaa fisi. Muuza vitabu mmoja akamwazima kitabu cha msafiri aliyefika Ethiopia, na kweli ndani yake kulikuwa na habari za fisi! Kijana akafurahi. Wewe wa Bariadi fisi unamsikia, humwoni ajabu. Yeye fisi alimwita kutoka Ulaya.

Baadaye shuleni mwalimu mkuu akawasomea wanafunzi andishi fupi kuhusu habari njema kupelekwa mataifa ya mbali. Andishi fupi tu! Ndiyo maana nilikuambia karatasi usiitupe. Moyo wa kijana ule ukawaka moto. Mwaka 1827 akaingia chuo cha misheni cha Basel, Uswisi.

Lakini usidhani alinyooka moja kwa moja. Alikata tamaa. Akaona hafai, akaacha chuo, akarudi kusoma ili awe mchungaji wa kawaida huko kwao. Na uchungaji wenyewe ukamletea matatizo kwa ajili ya mahubiri yake. Ni rafiki mmoja mmisionari, mtu wa Sweden, aliyemtia moyo tena. Mwaka 1837 akasafiri kwenda Ethiopia, akiwa ametumwa na chama cha misheni cha Waingereza, CMS. Mjerumani akatumwa na Waingereza, kwa hiyo na Kiingereza ilimbidi ajifunze ukubwani. Hakuzaliwa nacho.

ALIFUKUZWA, AKAIBIWA, AKAOMBA CHAKULA

Ethiopia alikaa miaka mitano. Mji wa Adwa walimfukuza mwaka 1838. Akaenda nchi ya Shoa, akajifunza Kiamhara na Kioromo. Mwaka 1842 akiwa njiani, mkuu mmoja wa Wollo akamkamata na kumnyang'anya kila kitu. Akatembea mpaka pwani ya Bahari ya Shamu karibu kama ombaomba. Mzungu anaomba chakula kwa Mwafrika! Wengi wetu tumezoea kusikia hadithi upande mmoja tu.

Mwaka huo huo alimwoa Rosina Dietrich, dada aliyetoka Basel kuja kumfuata Misri. Huyu Rosina shika jina lake, nitamrudia.

Walipojaribu kuingia tena Ethiopia, Rosina alijifungua njiani jangwani, kabla ya siku zake. Mtoto wa kike. Hakuna mkunga, hakuna nyumba, hakuna hata maji ya kutosha. Mtoto aliishi muda mfupi tu, akafa. Wakamwita Eneba, maana yake chozi. Wakamzika palepale wakaendelea na safari.

Ethiopia ikafungwa kwao. Ndipo Krapf akapata wazo la kuwafikia Waoromo kwa kupitia kusini, kwenye pwani ya Waswahili. Angalia jambo hilo. Hakuja kwa ajili ya Kiswahili hata kidogo! Kiswahili kilikuwa njia tu ya kupitia. Walipanda jahazi kutoka Aden, la kwanza likaingiwa na maji baharini wakanusurika kuzama, wakarudi, wakapanda jingine. Tarehe 7 Januari 1844 wakafika Unguja.

Sultani Sayyid Said aliwapokea vizuri. Alikuwa Mwislamu, naye akampa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani, akiwaambia kwamba mtu huyu ni mwema na anataka kuwageuza watu wamwelekee Mungu, basi wamsaidie. Mwaka huo huo Krapf na mkewe wakahamia Mombasa.

KADHI NA MGENI

Sasa sikia vizuri, kwa sababu wengine huwa wanadanganya hapa. Wapo wanaosema wazungu ndio walioleta maandishi ya Kiswahili. Siyo kweli. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao karne nyingi kwa herufi za Kiarabu. Utenzi wa Tambuka ulinakiliwa mwaka 1728, yaani miaka zaidi ya mia moja kabla ya Krapf kukanyaga Mombasa. Na Mombasa hiyohiyo alikuwepo mshairi Muyaka bin Haji, ambaye mashairi yake watu waliyaimba barabarani, akafariki miaka michache tu kabla mgeni hajafika. Kwa hiyo Krapf hakukuta watu mabubu. Alikuta lugha iliyokomaa, yenye wenyewe.

Alichokileta yeye ni kazi ya aina nyingine. Kuandika kwa herufi za Kilatini, hizi zetu za leo, na kukusanya maneno na kanuni ili hata mtu asiyezaliwa pwani aweze kujifunza. Maana herufi za Kiarabu wengi wa bara hawakuzijua, na zile irabu e na i, o na u, katika maandishi yale ni rahisi kuchanganywa. Na nisikufiche, alikuwa na sababu nyingine pia. Aliogopa kwamba herufi za Kiarabu zingewavuta watu kwenye Uislamu. Sababu hiyo wengine hawaipendi mpaka leo, nami nakueleza wazi ili usije ukaisikia kwa mtu mwingine ukasema nilikuficha. Hakuwa malaika. Mara nyingine aliandika juu ya watu wa pwani kwa maneno makali ya mtu aliyechoka.

Na mwalimu wake alikuwa nani? Ali bin Mohiddin, kadhi wa Mombasa! Mwislamu, mtu wa elimu. Tarehe 8 Juni 1844 wakakaa pamoja kuanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Waone wale wawili wameinama juu ya karatasi moja. Mmoja anauliza, mwingine anamsahihisha. Mgeni anasema neno vibaya, kadhi anatikisa kichwa. Hawakuwa wa imani moja, lakini habari za Mungu kuumba mbingu na nchi zilipata Kiswahili chake pale.

Kazi ile si mchezo. Wewe unasema mtu, watu, kiti, viti, mti, miti, bila kufikiri. Hakuna aliyekufundisha. Lakini mgeni anasikia tu sauti. Anasikia kiti kizuri, mtu mzuri, miti mizuri, na anajiuliza mbona kichwa cha neno kinabadilika kila saa. Anaandika. Anasikia tena. Siku moja anagundua kwamba neno la kwanza ndilo bwana, na maneno yote yanayofuata yanavaa sare yake. Hiyo ndiyo ngeli uliyokuwa unaichukia darasani! Kwa mtu aliyeigundua mwenyewe kwa jasho ilikuwa kama kukuta maji jangwani.

Na wewe Msukuma hilo lingepaswa kukufurahisha zaidi. Wewe nyumbani unasema munhu na bhanhu, na shuleni unasema mtu na watu. Unasema numba, Kiswahili nyumba. Unasema mbuli, Kiswahili mbuzi. Mbula, mvua. Ng'ombe ni ng'ombe kotekote! Krapf aliliona jambo hilo katika lugha za kule alikofika. Mwaka 1850 alitoa kitabu cha maneno ya lugha sita za Afrika Mashariki yamepangwa kwa kulinganishwa, Kiswahili, Kikamba, Kipokomo na nyinginezo. Akaona kwamba nyingi kati yake ni ndugu wa tumbo moja. Basi wanaokucheka Mwanza kwamba unachanganya, waambie unaongea na ndugu wawili.

NITOKE NJE KIDOGO, KWA AJILI YA WANAOKIOGOPA KIINGEREZA

Kabla sijaenda Julai ya mwaka huo, ngoja nirudi nyuma miaka mia tatu, nchini Uingereza kwenyewe. Nina sababu. Kuna kijana anasema moyoni kwamba Kiswahili ni cha wasio na elimu, lugha yenye heshima ni Kiingereza.

Kijana, Kiingereza nacho kilidharauliwa kwao! Baada ya mwaka 1066 Uingereza ilitawaliwa na watu waliosema Kifaransa. Kanisani ni Kilatini, mahakamani Kifaransa, na Kiingereza kikabaki cha wakulima na wachungaji wa ng'ombe. Alama yake ipo mpaka leo. Ng'ombe akiwa zizini Mwingereza anamwita cow, neno la mchungaji. Akishachinjwa akafika mezani anaitwa beef, neno lililotoka kwa mabwana wa Kifaransa. Mchungaji alimlea, bwana akamla, na lugha imehifadhi ushahidi.

Akatokea mtu anaitwa William Tyndale. Alitaka kijana wa jembe asome Agano Jipya kwa lugha ya mama yake. Ilikuwa marufuku. Akakimbilia Ujerumani, mwaka 1526 akapiga chapa Agano Jipya la Kiingereza, likaingizwa Uingereza kwa siri ndani ya mizigo. Wakamkamata, na mwaka 1536 wakamnyonga, wakauchoma mwili wake moto. Lakini Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile waliyoifurahia wafalme, sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Tyndale. Lugha ya wachunga ng'ombe ndiyo hiyo sasa inakutisha kwenye mtihani.

Basi turudi Mombasa.

JULAI 1844

Ni mwezi mmoja tu tangu Krapf na kadhi waanze kitabu cha Mwanzo. Rosina ana mimba kubwa. Homa ikaingia nyumbani. Ni malaria, bwana, hii hii yetu. Lakini zama zile hakuna aliyejua kwamba inaletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897 na daktari Ronald Ross kule India. Watu walidhani ni hewa mbaya. Hakuna neti, hakuna kipimo.

Krapf akalala na homa. Rosina akajifungua mtoto wa kike, yule wa pili baada ya Eneba. Siku chache zikapita, Rosina akafa. Mume yuko kitandani, anaungua na homa, hana nguvu hata ya kumsimamia mkewe inavyostahili. Siku chache tena, na yule mtoto mchanga akafa. Wakazikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara.

Mimi hapa huwa nanyamaza kidogo ninaposimulia. Nimezika. Wewe pia labda umezika, mama, au dada aliyefia kwenye uzazi, maana huku kwetu zahanati ni mbali na mvua ikinyesha barabara inakatika. Unajua yale maswali yanayokuja usiku. Mungu, nimekukosea nini? Nilikuja kwa kazi yako, mbona umeninyang'anya? Mtu aliyepigwa bila kosa akiwa na miaka 11, sasa amepigwa tena akiwa na 34.

Nani angemlaumu kama angepanda jahazi kurudi kwao? Mimi nisingemlaumu.

Krapf aliandika barua kwa wakubwa wake Uingereza. Katika barua hiyo aliwaeleza kwamba sasa kuna kaburi katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba wasilione kama ishara ya kushindwa, bali kama ishara kuwa vita vimeanza na wakati umekaribia. Halafu, homa ilipopungua, akarudi mezani kwenye maneno yake.

Hapa sikusemei kwamba alikuwa na moyo wa jiwe. Huko nyuma wapo wahubiri wanaosimulia habari hizi kana kwamba mtumishi wa Mungu halii. Analia! Lakini nadhani yale maneno yalimshika. Asubuhi ukiwa huna mke, huna mtoto, unaamka unaandika neno moja, maana yake, na jinsi watu wanavyolitumia. Kesho jingine. Kesho kutwa jingine. Karibu miaka miwili alikuwa peke yake namna hiyo. Na matunda yakaanza kuonekana mbali kabisa na alipokuwa. Mwaka 1847 sura za kwanza za Mwanzo kwa Kiswahili zikapigwa chapa Marekani.

RABAI, MILIMA NA ZIWA LETU

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, naye Mjerumani. Mwezi Agosti wote wawili walipanda kwenda Rabai kuanzisha kituo, wote wawili wakiwa na homa. Huyu anakokotwa juu ya punda, yule anajikongoja. Hivyo ndivyo kituo kilivyoanza. Wa kwanza kubatizwa huko alikuwa Mringe, mtu mlemavu, akiwa karibu na kufa. Miaka yote ile, na mavuno ndiyo hayo! Leo mhubiri asipojaza uwanja siku tatu anasema mji una mapepo.

Rebmann akauona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, una theluji. Krapf akauona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Wasomi wengine wa London wakawacheka, wakasema hawa wamisionari wana homa, theluji haiwezi kukaa kwenye ikweta. Theluji ikaendelea kukaa.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani na mkuu Kivoi, mfanyabiashara na rafiki yake. Majambazi wakawavamia, Kivoi akauawa, Krapf akapotea porini peke yake. Alipopata mto alijaza maji kwenye mtutu wa bunduki yake akauziba kwa nyasi, maana hakuwa na chombo. Vichaka vikazichomoa zile nyasi, maji yakamwagika. Kilichobaki alikunywa kikiwa na ladha ya baruti. Akatembea usiku, akajificha mchana, mpaka akatoka.

Na sisi wa Simiyu tunaingia wapi? Tunaingia. Wale wamisionari wa Rabai walikuwa wakiwauliza wafanyabiashara wa misafara, kwa Kiswahili, habari za bara. Walisikia habari za maji makubwa huko ndani. Jakob Erhardt, mwenzao Krapf na Rebmann, akachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno, limekaa kama konokono asiye na nyumba. Ramani ikafika London miaka ya 1855 na 1856. Haikuwa sahihi, ilikuwa imeunganisha maziwa matatu kuwa moja. Lakini iliwasumbua watu mpaka Burton na Speke wakatumwa, na mwezi Agosti 1858 Speke akalifikia ziwa letu upande wa Mwanza. Ile ghuba ambayo Mto Simiyu unamwaga maji yake inaitwa Ghuba ya Speke mpaka leo. Wavuvi wa Lamadi wanaitupia nyavu. Krapf mwenyewe hakuwahi kufika huku. Lakini habari za ziwa hili zilitembea mpaka pwani kwa mdomo, na mdomo huo ulisema Kiswahili.

KITABU KILICHOCHELEWA

Sarufi yake ya Kiswahili ilitoka Tübingen mwaka 1850. Mwaka 1853 afya ikamshinda akaondoka. Alirudi mara moja, mwaka 1862, kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi kule Ribe, halafu akakaa Korntal, Ujerumani. Rebmann alibaki mpaka 1875, miaka 29 bila kurudi kwao, akarudi akiwa kipofu.

Mtu akiwa mzee, mgonjwa, mbali na Mombasa, angeweza kusema inatosha. Krapf alikuwa na kamusi. Maneno yale aliyoyaanza na kadhi, aliyoyaongeza kwa wavuvi, kwa wachukuzi, kwa watu wa Rabai, aliyaweka, akayapanga, akaandika maana zake kwa Kiingereza. Zaidi ya miaka 35 tangu neno la kwanza!

Wakati huohuo kule Unguja alikuwepo Edward Steere, mwanasheria aliyegeuka kuwa mchungaji na baadaye askofu. Yeye alifuata Kiswahili cha Unguja, wakati Krapf alifuata Kimvita cha Mombasa. Steere alitoa kitabu chake cha lugha mwaka 1870, na aliandika pia juu ya Kinyamwezi, ndugu wa karibu kabisa wa Kisukuma chetu. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilikamilika mwaka 1891, baada ya Steere naye kufariki. Na wakubwa wa lugha walipokutana Mombasa mwaka 1928, walikichagua Kiunguja kiwe Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kwa hiyo lahaja ya Krapf haikushinda. Fikiri hilo. Mtu ametoa mke, watoto wawili na ujana wake, halafu wanachagua cha mwenzake! Lakini Steere naye alijenga juu ya karatasi za Krapf, na waliomfuata Steere wakajenga juu ya wote wawili. Nyerere alipotaka kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya 120, hakuanza kutafuta lugha. Ilikuwepo. Ndiyo uliyofundishiwa darasa la kwanza, ukakaa dawati moja na Mkurya na Mhaya mkaelewana.

Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Sababu zake ni nyingine. Lakini mimi nikiisikia tarehe hiyo redioni kila mwaka, nakumbuka kwamba Julai ndio mwezi wa lile kaburi.

Tarehe 26 Novemba 1881 watu wa nyumbani kwake Korntal waliingia chumbani kwa Krapf. Jana yake usiku alikuwa mzima. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, kama mtu anayeomba. Alikuwa amekwisha kufa.

Kamusi ilipigwa chapa London mwaka uliofuata, 1882. Hakuiona.

Ukijaliwa siku moja kufika Mombasa, labda umekwenda kutafuta kazi bandarini, vuka daraja la Nyali uingie upande wa bara. Uliza kaburi la Rosina. Lipo mpaka leo. Watakuelekeza kwa Kiswahili, na wewe utaelewa kila neno.